Lubaba na Harufu ya Mkunazi

Inasimuliwa kutoka kwa watu wa Zabidi, katika nchi ya Yemeni, kwamba zamani waliishi pale mume na mke wacha Mungu. Mume aliitwa Suhaimu, mfumaji wa vilemba, na mke aliitwa Lubaba binti Haritha. Lubaba alikuwa mwingi wa swala na funga, na Mwenyezi Mungu alimjaalia wepesi wa kuhisi mambo. Akimtazama mtoto wa jirani husema, "Huyu ana homa," kabla mama yake hajamgusa paji la uso. Akipita muuza samli husema, "Msinunue, si safi," na kweli ikaonekana. Wanawake waliokutana kuoka mikate kwenye tanuri la mtaa walimwita Jicho. Likizuka jambo walisema, "Mngojeeni Jicho aje," na alilolisema yeye ndilo lililoshikwa.

Basi ikawa Suhaimu ameanza kurudi nyumbani baada ya alasiri akinukia majani ya mkunazi. Viganja vyake vilinukia, na kanzu yake imelowa hadi kwenye viwiko. Lubaba alipomuuliza, aliinamisha macho akasema, "Nilikuwa na haja, binti Haritha. Niombee ikubaliwe."

Mwanamke hakumuuliza tena, lakini moyo wake haukunyamaza. Majani ya mkunazi yakisagwa, wanawake wa Zabidi huoshea nywele, naye Lubaba huosha zake Ijumaa tu. Ni nywele za nani, basi, zilizoacha harufu kwenye mikono ya mumewe siku ya Jumatatu? Akawa anainusa kanzu kabla ya kuifua, na akiisha kuifua anainusa tena. Akimpakulia chakula humtazama anavyotafuna, akajisemea: mtu huyu leo hana njaa, amekula wapi? Suhaimu akicheka, alimwona anamchekea mwingine. Akinyamaza, alimwona anamkumbuka mwingine.

Kisha siku moja akamwona kwa macho yake anatoka mlangoni kwa Atika, mjane aliyesaga na kuuza majani hayo, akiwa na furushi kwapani. Hapo kila kitu kikaketi mahali pake. Wivu ulimuunguza, lakini ndani ya wivu ule mlikuwa na utulivu wa ajabu, kama wa msafiri aliyekwisha kufika.

"Nilijua," alisema. "Moyo wangu haujapata kunidanganya."

Akaenda moja kwa moja kwa Atika, akamkuta anatwanga na binti zake wawili.

"Karibu, dada Lubaba, keti," alisema Atika.

"Sikuja kukaa. Nimekuja kuuliza. Majani haya unamuuzia na mume wangu?"

"Hununua, kama wanunuavyo watu."

"Ya nini? Mtu mwenyewe kichwa cheupe kama yai la mbuni! Anaosha upara?"

Binti mdogo aliangua kicheko. Atika naye aliuma mdomo asicheke, kisha uso wake ukabadilika. "Kazi yake ameniambia, na ameniwekea amana nisiiseme. Muulize mwenyewe, dada yangu."

"Amana! Mimi mke wa ndoa sina siri ya mume wangu, wewe muuza majani unayo! Haya, itunze vizuri. Kesho nitakwenda tanurini na nitasema ninalolijua."

Michi ikanyamaza. Atika alifahamu neno la Jicho lina uzito gani. Likitoka, hakuna mwanamke atakayenunua tena kwake, na binti zake hawakuwa na riziki nyingine. Angeivunja amana angeokoka palepale. Akaimeza.

"Utasema, nao watakusadiki," alisema. "Ndiyo maana nakuuliza kabla hujasema. Hujapata kuwa na yakini kama hii, kisha ikawa sivyo?"

"Sijapata," alijibu Lubaba, akatoka.

Lakini swali lile lilitoka naye. Alipokuwa akitawadha kwa swala ya magharibi, akamkumbuka mama mkwe wake, Mungu amrehemu. Lubaba alipoolewa, mama yule alikuwa akionja chakula alichopika mkewe mwana mara moja tu kisha anasukuma sahani. Lubaba alijua, bila shaka yoyote, kwamba ananyanyapaliwa. Alijua hivyo miezi mingi, akamnunia mkwewe. Baadaye ndipo wifi yake alipomwambia, "Mama alikuona una mimba na unaona haya kula mbele za watu. Alikuwa anakuachia wewe."

Mikono ya Lubaba ilisimama ndani ya maji. Alikuwa amekwisha kulisahau jambo lile. Yale aliyopatia aliyakumbuka yote, na mtaa mzima ulimkumbusha. Hilo alilokosea lilipotea kama halikuwa. Akajaribu kukumbuka moyo wake ulikuwaje siku zile kabla hajaambiwa. Ulikuwa umetulia. Ulikuwa na uhakika huuhuu, mzito hivihivi, mtulivu hivihivi. Akaogopa.

Asubuhi alibeba unga wake uliokandwa akaenda tanurini. Wanawake walikuwa wakimngoja.

"Jicho, shoga yangu," alisema mmoja, "jana tumesikia kwa Atika kunawaka, na si moto wa mikate. Hebu tupe."

Moyo wa Lubaba ulikuwa bado unamwambia: ni yeye, ni yeye. Haukuwa umepoa hata kidogo. Naye akausikia, asiufuate.

"Nilichokiona ni mume wangu akitoka mlangoni na furushi," alisema. "Basi. Mengine yote nimeyajaza mwenyewe kwa wivu, na jana nimemfokea mwanamke wa watu bila ushahidi."

"Lo! Jicho limeingia mchanga!"

Wakacheka sana. Lubaba akaoka mikate yake uso umemwiva, akarudi nyumbani, akaketi mbele ya mumewe.

"Bwana wangu, nina wivu na wewe mpaka silali. Nimemtukana Atika kwa sababu yako. Niambie kweli, hata ikiwa chungu."

"Nilitaka jambo hili alijue Mola wangu peke yake," alisema Suhaimu. "Kumbe kuficha kwangu kumemchoma asiye na hatia. Nje ya lango la mji, misafara inapopumzika, wako wageni wanaokufa kwa homa, hawana ndugu. Mimi huwaosha wanaume na kuwazika. Majani hununua kwa Atika, naye akijua ni ya maiti huniongezea bure. Na leo amefariki mwanamke. Hana mtu, nami siwezi kumuosha. Nilikuwa nikiwaza nimwambie nani."

Lubaba alishika kichwa. Tangu utoto alijua kwamba maiti huoshwa kwa majani ya mkunazi. Alimuosha hivyo mama yake mzazi. Alilijua, na katika siku zote zile halikumjia hata mara moja.

Akainuka, akaenda kwa Atika, akasimama nje ya mlango.

"Nimekudhulumu, nami nimewaambia hivyo wenzetu. Nisamehe. Na kuna mgeni wa kike hana wa kumuosha."

Atika alimtazama. "Nimekusamehe, ila bado pananiuma, nisikufiche," alisema. "Chukua ndoo."

Wakaenda pamoja. Lubaba akamimina maji, Atika akaosha, kisha wakamsuka mgeni wao nywele mikia mitatu, wakamsitiri kwa sanda.

Enyi waumini, moyo uliokosea hautetemeki. Hutulia vilevile kama uliopatia, mpaka ukweli ubishe hodi. Na mwenye wivu ndiye hutulia upesi zaidi. Tumuombe Mola atujaalie kuuliza kabla ndimi zetu hazijashuhudia, kwani Yeye peke yake ndiye aonaye yaliyo nyuma ya milango ya watu.