Nukta za Katikati

Wapendwa, acheni kwanza kuangalia saa. Wali hautaungua. Kuna mama mmoja nataka mkutane naye kabla hatujatoka.

Mama huyu kazi yake ilikuwa kuchora vitu kwenye kompyuta kabla kiwanda hakijavitengeneza. Ndoo, viti, mabeseni. Siku moja akapewa kazi ya mtelezo, ule wa watoto kupanda ngazi na kushuka kwa makalio, nao ungewekwa kwenye chekechea anakosoma binti yake mwenyewe. Akamwambia binti, "Wewe ndiye utakayeteleza wa kwanza." Wazazi mnajua. Ukishamwahidi mtoto, usingizi umekwisha!

Sasa huko kwenye kompyuta, mstari wa kupinda hushikwa na nukta. Ukiivuta nukta, mstari nao unafuata. Mama akachora, akaona kabonde hapa. Akaongeza nukta, akanyoosha. Kakatokea kanundu pale. Akaongeza nukta nyingine. Kila aliponyoosha huku, kule kukavimba, hata mchoro ukajaa nukta kama mtoto mwenye tetekuwanga. Naye akaridhika, maana kila nukta ilikaa alipotaka yeye.

Mtelezo wa majaribio ukatengenezwa. Binti akaletwa kiwandani, akapanda, akakaa, akajisukuma. Akakwama katikati. Akageuza shingo juu: "Mama, nimefika?"

Mnacheka! Mama yake hakucheka. Alirudi mezani akalia, kwa sababu siku ya kufungua uwanja ilikuwa imekaribia na binti ameshawatangazia wenzake wote.

Dada mmoja aliyefanya kazi naye akavuta kiti. Akaumulika mchoro kwa taa iliyomo humo humo kwenye kompyuta, yenye michirizi myeusi na myeupe, kama pundamilia. Uso ukiwa laini, michirizi hutiririka. Hii ilikuwa imekatikakatika.

"Shoga yangu, umeushika mno," akasema. "Futa nukta za katikati."

"Zote? Sasa nani ataushika?"

"Shika mwanzo, shika mwisho. Uelekeze pale unapoanza. Huko katikati uache upinde wenyewe."

Mama akafuta moja huku amefumba macho. Akafungua, mstari haujaanguka. Akafuta nyingine. Michirizi ikaanza kuungana. Alipofuta ya mwisho ikashuka toka juu hadi chini bila kukatika, na mama akapiga kigelegele ofisini, watu wakasimama wakidhani kuna harusi.

Siku ya kufungua uwanja, ni nani aliyemwona binti akishuka? Hakuna. Walimwona juu, kisha wakamwona chini, sketi imejaa mchanga, anapiga kelele: "Tena, mama! Tena!"

Haleluya! Furaha iliyoje!

Sasa nauliza, na msimwangalie jirani. Ni nani humu ana binti aliyeolewa, na bado kila jioni anampigia simu kumwuliza amepika nini? Ni baba gani kijana wake amechagua ufundi wa magari, naye kila akikaa mezani anamkumbusha udaktari? Tumewaleta watoto hapa mbele, tumewakabidhi kwa Mungu, tumepiga na picha. Kisha mlangoni tumemnyang'anya!

Mwanzo wao uliushika wewe? Mungu ndiye aliyeushika. Mwisho wao utaushika wewe? Hata hutakuwepo. Sisi tumepewa kuwaelekeza pale wanapoanza, nayo ni kazi kubwa, tuifanye vizuri. Lakini tunaongeza nukta. Tunavuta hapa, tunanyoosha pale, tunaita mapenzi. Halafu tunashangaa kuona watu wazima wenye ndevu wamekaa katikati ya mtelezo, wanageuza shingo kututazama: "Mama, nimefika?"

Leo ukifika nyumbani, futa moja. Moja tu. Fumba macho kama unaogopa. Kisha nyamaza usikilize, utamsikia mwanao huko chini anavyocheka.