Jembe Alilokatiwa Mpini Nakiete

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyinyi mmezoea kumsutia mtu aliyekaa mno, kisha mnacheka. Haya, tulieni niwaambie. Methali hii ilianza hivi, wala haikuanza kwa kusuta.

Milimani Upare alikuwapo msichana aitwaye Nakiete. Kijijini kwao walisema ana mkosi, kwa kuwa alizaliwa mwaka wa nzige. Chakula alipewa, lakini jembe hakupewa, wala mbegu hakuruhusiwa kugusa. Akakua hivyo, hajui kazi hata moja, na kwa kutojua kazi wakamwita mvivu. Siku moja alichoka, akavuka mlima kutafuta watu wengine.

Akafikia kwa Namkunda, mjane mwenye kishamba kimoja na mdomo mkali. Alipokewa vizuri, akapikiwa makande, akapewa kigoda. Lakini alipoinuka kuchukua mtungi, aliambiwa aketi. Alipoushika ungo, ukatolewa mikononi mwake polepole. Kesho yake ikawa vilevile. Maskini, roho ikamuuma. Akaona mambo ni yaleyale ya kwao.

Asubuhi ya siku ya tatu Namkunda alimkuta akifunga nguo zake.

“Unakwenda wapi, mwanangu?”

“Naondoka, mama. Nimejua mnaiogopa mikono yangu.”

“Nani aiogope? Huku mgeni hatumtumi kazi. Ni heshima.”

Nakiete akalia, akamweleza yote, nzige na mkosi na jembe ambalo hajawahi kulishika. Kishamba kile ndicho kilichomlisha Namkunda, na mvua ilikuwa imekwisha kunyesha, maharage yameota; yakiharibiwa, hana kingine. Akageuka, akaingia ndani. Nakiete akajua basi, ndiyo mwisho, akaushika mzigo wake.

Namkunda akatoka na panga, jembe lisilo na mpini, na mti mrefu mkavu.

“Weka mzigo chini. Simama wima.”

Akausimamisha ule mti mbele ya binti, akaupima hadi kifuani pake, akaukata hapo, akaulitia jembe.

“La kuazima lina kimo cha mwenyewe,” akasema. “Hili ni lako.”

Wakaenda shambani. Nakiete alilima kombokombo, akang'oa na miche ya maharage. Namkunda akamgombeza, akamwambia anashika jembe kama anaua nyoka, kisha akasimama nyuma yake akamshika mikono mpaka ikazoea. Jirani mmoja akaja mbio kumwonya kwamba binti huyo atawaletea nzige. Namkunda akajibu kuwa wakija, safari hii watafukuzwa na watu wawili.

“Lakini mgeni hapewi kazi!” jirani akasema. “Huoni haya?”

Namkunda akamtazama Nakiete, ana udongo hadi magotini, anacheka na machozi yanamtoka.

“Mgeni ni siku mbili,” akasema. “Huyu ni wa kwangu.”

Basi, wajukuu zangu, anayekaa kwenu mkamlisha tu, ni kwamba mnangoja aondoke; mkimpa jembe, mmemfanya wa kwenu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.