Maua ya Buluu ya Bibi Chedi

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa kichaka mlangoni!

Pakawa, kimechanua rangi gani?

Ngojeni kwanza. Na watu wa hadithi hii waliingoja rangi hiyo, na kungoja kwenyewe kulikaribia kumuua mtu. Sogeeni.

Hapo zamani za kale, enzi za bibi wa bibi zetu, palikuwa na kijiji mlimani, mahali pa ukungu na baridi. Kila nyumba ilikuwa na kichaka mbele ya mlango. Kichaka chenyewe kinafika kifuani, majani yake mapana, maua yake madogo madogo yaliyoshikana mpaka yakawa duara, ukubwa wa kichwa cha mtoto. Na yote yalikuwa ya buluu. Nyumba hii buluu, nyumba ile buluu, kutoka kisimani mpaka ukingo wa msitu, buluu.

Desturi yao ilikuwa hii. Kijana akioa, mama yake anakata tawi kwenye kichaka chake na kumpa mkwe. Mkwe analipanda mbele ya nyumba yake mpya, analitunza mwenyewe, hasaidiwi. Likichanua buluu, ni mtu wa nyumbani. Likichanua rangi nyingine, watu husema ana neno alilolificha moyoni, na kabla ua halijanyauka anarudishwa kwao. Aliwahi kurudishwa mmoja tu, zamani sana, na jina lake lilisahauliwa makusudi.

Basi kijana mmoja, Mbonea, akaoa. Akaoa msichana wa bondeni, kwenye joto, anaitwa Nakundwa. Mama Mbonea akakata tawi, akampa. Nakundwa akalipanda, na tangu siku hiyo hakuwa na raha.

Kila asubuhi akatoka, akainama, akatazama. Tawi likashika. Akatoka, akainama, akatazama. Jani likatokea. Aliogopa wadudu, aliogopa mbuzi, aliogopa jua. Kwao bondeni mboga zikitunzwa vizuri hunyunyiziwa majivu, wadudu wasizile. Basi naye kila asubuhi akakomba majivu ya mafiga, akayamwaga shinani. Pwaa. Kule mlimani majivu hutupwa shimoni nyuma ya nyumba, lakini hakuna aliyemwambia, maana hasaidiwi.

Mwaka ukapita. Masika yakaja, chwa, chwa, chwa. Kichaka kikatoa vichwa vya maua, bado vya kijani.

Niulizeni: limefunguka?

Bado.

Kisimani wifi yake akamwambia, "Wifi, ua lako ni zito la kusema."

"Litasema, wifi."

"Haya. Sisi masikio tunayo."

Limefunguka?

Bado. Nakundwa hali, hanywi. Mumewe anamwambia, "Usiogope, mke wangu," na yeye mwenyewe amechonga mpini wa jembe mpaka umekuwa mwembamba kama mwiko.

Asubuhi moja akatoka, akainama, akatazama. Moyo wake, du, du, du. Ua limefunguka. Lilikuwa la rangi ya waridi.

Kabla jua halijawa kali, Mama Mbonea alikuwa amefika na wanawake wazee watatu. Wakaketi uani. Nakundwa akapiga magoti mbele yao.

"Mwanangu," akasema Mama Mbonea, "sisi hatukupigi. Sema ulichoficha."

"Sina nilichoficha, mama."

"Ua limesema unacho."

Nakundwa akafikiri sana. "Nilipokuwa mdogo nilivunja kibuyu cha mama. Nikasema ni mbuzi."

"Hicho kidogo. Endelea."

"Nilisema nazipenda ndizi za huku. Sizipendi."

Mzee mmoja akakohoa, akaziba mdomo kwa khanga.

"Endelea."

Akatafuta, akatafuta. Hakupata. Hapo ndipo alipoogopa kweli. Akawaza: labda lipo neno baya ndani yangu, na mimi mwenyewe silijui, ila ua linalijua. Akaanza kulia kimya kimya.

Sasa, kijijini hapo aliishi mfinyanzi wa vyungu, Bibi Chedi. Mkongwe, mfupi, kucha zake zimejaa udongo. Kabla ya kufinyanga alikuwa anaonja udongo kwa ulimi, akijua huu utapasuka motoni, huu hautapasuka. Watu walizoea kumtania, "Bibi, uji upo, au umeshashiba udongo?" Naye hujibu, "Uji wako nimeuonja. Afadhali udongo."

Alikuwa anapita na kapu lake la udongo kichwani. Akamwona binti analia. Akatua kapu. Akaenda kwenye kichaka, akachota udongo kwa kidole, akaonja. Akatema. Akavuka njia mpaka nyumba ya jirani, akachota chini ya maua ya buluu, akaonja. Akatema.

"Udongo wa mlima huu una uchachu," akasema. "Wa jirani unao. Huu hapa hauna. Binti, unaweka nini hapa?"

"Majivu, bibi. Kila siku."

"Kwa nini?"

"Wadudu wasikile. Nilikuwa nakitunza."

Bibi Chedi akawageukia wale wanawake. "Mmesikia? Ni majivu yaliyogeuza rangi."

Mama Mbonea akasema, "Bibi, shikamoo, lakini hapa tunazungumza mambo ya mtu, si ya vyungu."

"Marahaba. Nipe mwaka mmoja."

"Desturi haitoi mwaka."

"Basi chukua kichaka changu kiwe dhamana. Kina maua ya buluu tangu nilipoletwa hapa nikiwa mkwe kama huyu. Kuanzia kesho majivu yako yote uyalete kwangu, uyamwage mwenyewe, kwa mkono wako. Masika yajayo kikichanua buluu, nitamrudisha binti huyu kwao kwa miguu yangu. Kikichanua waridi, ni majivu."

"Na watu wakisema wewe ndiye mwenye neno ulilolificha?"

"Watasema. Nitakuwa ndani nafinyanga."

Wanawake wakatazamana. Wakakubali, kwa shingo upande.

Nakundwa akachimba, kwatu, kwatu, akatoa udongo wote wenye majivu. Akaenda ukingo wa msitu, akaleta udongo mweusi na majani yaliyooza, akakipandia kichaka chake humo. Na Mama Mbonea, kila asubuhi, akashuka na ungo wa majivu mpaka kwa Bibi Chedi. Pwaa.

Mwaka huo ulikuwa mrefu kuliko ule wa kwanza. Nakundwa alikaa kama mgeni aliyeambiwa asubiri mlangoni. Akicheka, watu wanasema anacheka nini. Akinyamaza, wanasema ananyamazia nini. Akienda kisimani, mazungumzo yanakatika, na maji tu ndiyo yanasikika yakiingia mtungini.

Siku moja akamfuata Bibi Chedi, akamkuta anakohoa.

"Bibi, ukikosea je?"

"Nitakuwa nimekosea."

"Na mimi?"

"Utakwenda kwenu. Ndiyo maana na mimi silali vizuri." Bibi Chedi akakohoa tena. "Udongo nimeuonja miaka mingi, mwanangu. Ua sijawahi kuliambia lichanue vipi."

Nakundwa alitaka kusikia maneno mengine. Lakini bibi huyo hakujua kusema asilolijua.

Masika yakakaribia. Kichaka cha Nakundwa, kwa kuhamishwa udongo, mwaka huo hakikutoa ua; cha Bibi Chedi kikatoa vichwa vya maua, vya kijani, vimefumba. Na Bibi Chedi akalala siku tatu, siku ya nne hakuamka. Wakamzika nyuma ya tanuru lake.

Hofu ikamshika Nakundwa upya. Nani atamsemea sasa? Tena kuna jambo ambalo hakumwambia mtu: Mama Mbonea akiacha kumwaga majivu, nani atajua? Mvua ikinyesha itaosha. Ua litakuwa la buluu, na yeye atafungashiwa vitu vyake.

Siku ya kwanza ya msiba, majivu hayakuja. Siku ya pili hayakuja. Siku ya tatu hayakuja. Nakundwa akasimama karibu na nyumba ile tupu, macho njiani.

Siku ya nne, mtu akashuka na ungo. Alikuwa Mama Mbonea. Pwaa.

Akamwona mkwe wake amesimama. "Unanichunga?"

"Hapana, mama." Kisha akasema, "Ndiyo, mama."

"Nilisema nitamwaga. Nenda kateke maji."

Limefunguka?

Bado.

Limefunguka?

Bado.

Mpaka asubuhi moja kelele zikasikika huko chini, na kijiji chote kikakimbilia kwa Bibi Chedi. Nakundwa alifika wa mwisho. Watu wakampisha. Akainama, akatazama.

Kichaka kizima kilikuwa cha rangi ya waridi. Hapakuwa na ua hata moja la buluu.

Wifi yake Nakundwa, aliyezoea kusema, akasema, "Kumbe Bibi Chedi naye alikuwa na neno alilolificha."

Mama Mbonea akageuka polepole. "Rudia, nisikie vizuri. Bibi Chedi aliyekupokea ulipozaliwa? Aliyekwambia usoni kwamba uji wako mbaya? Huyo ndiye aliyejua kuficha neno?"

Wifi akatazama vidole vya miguu yake. Hakuna aliyerudia. Hakuna aliyeweza. Na kama neno hilo halikuweza kusemwa juu ya Bibi Chedi, halikuweza tena kusemwa juu ya mtu yeyote. Kila mmoja aliliona hilo, na kila mmoja akamkumbuka yule wa zamani aliyerudishwa, wakainamisha vichwa.

Nakundwa akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, nirudi kwetu?"

Mama Mbonea akakata tawi kwenye kichaka kile cha waridi, refu, lenye macho matatu ya kuchipua. Akalibeba mbele ya watu wote, akapanda nalo mpaka nyumbani kwake, akasimama kando ya kichaka chake cha buluu.

"Lete jembe," akamwambia mkwe wake. "Nichimbie hapa. Na majivu ya kulibakiza waridi utanionyesha wewe, mimi nilimwaga tu, kipimo chake sikijui."

Nakundwa akachimba. Kwa haraka yake shimo likawa la upande upande, na Mama Mbonea akalipanda tawi humo humo.

Enyi mnaonisikia, hadithi hii inatufunza hivi: usimhukumu mtu kwa kilichochanua, kabla hujauliza kimemwagiwa nini. Na mwenye kujua kidogo akitoe kidogo hicho, hata kama sauti yake inatetemeka.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Mama Mbonea. Aliyeipenda aichukue, asiyeipenda aniachie mwenyewe.