Makufuli Matatu ya Zahanati

"Kufuli halizuii joto." Mmeisikia jana kwenye kikao, mkacheka, leo mnataka kujua imetoka wapi. Ilianzia hapa hapa kijijini, tena kwa mkono wangu mimi, kwa hiyo msimsumbue mtu mwingine.

Wakati huo nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya zahanati. Betri ya sola, ile iliyoendesha friji ya chanjo, tuliiweka kwenye tembe la bibi Sechelela, mjane aliyepakana na zahanati. Tembe, kwa paa lake la udongo, lina ubaridi hata mwezi wa Oktoba. Lakini nikaanza kumtilia shaka. Mbona simu yake haizimi? Mbona wajukuu wanasoma kwa taa? Alikuwa na kipaneli chake kidogo juu ya paa, nami nilikiona kila siku, ila mwenye shaka haoni anachokiona.

Tukaihamishia betri kwenye ua wa zahanati, ndani ya sanduku la bati, tukalitia makufuli matatu: ufunguo mmoja kwangu, mmoja kwa nesi, mmoja kwa katibu. Kila alfajiri tulifungua, tukachungulia tu kama betri ipo, tukafunga.

Mwezi haukuisha, friji ikaanza kuzima. Nikasema, huyu bibi anavuta umeme kwa waya wa chini kwa chini! Nikachukua jembe, nikachimba kando ya ukuta wake mpaka msingi ukabaki wazi. Sikupata hata uzi. Badala ya kuona aibu, nikazidi kumshuku: mwizi gani huyu asiyeacha alama? Nikaitisha mkutano ahamishwe.

Sechelela alikuja na kigoda chake, akaketi.

"Mwenyekiti, kabla sijafunga mizigo, fungueni hilo sanduku."

"Tumelifungua leo alfajiri, bibi."

"Lifungueni sasa, saa saba hii."

Niligusa kifuniko, nikarusha mkono kama niliyeshika sufuria jikoni. Ndani, betri ilikuwa imevimba ubavuni. Nesi akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Ni joto, mwenyekiti. Tumeipika wenyewe."

"Kufuli halizuii joto," alisema Sechelela, akabeba kigoda chake akaondoka.

Betri mpya ilipoletwa, nilikwenda kumwomba radhi, na chumba pia. Akanionyesha ukuta. Ufa ulikuwa umepanda kutoka pale nilipochimba hadi darini. Mvua za kwanza ziliuangusha ukuta huo, naye akahamia kwa binti yake, kijiji cha pili. Mkutano haukumhamisha, nilimhamisha mimi, kwa jembe langu.

Basi mkiniona namzuia mtu anayemfungia jirani yake milango, msicheke. Kufuli halizuii joto.