Nyati Azindua Wiki ya Kubana Mtama

Paukwa!

Pakawa! Pakawa nini, jamani? Pakawa ghala la mtama la wanyama wote, pakawa ukame, pakawa na Mama Pelele, mnyama mdogo wa mapangoni, mwenye watoto wanne wanaolia njaa tangu asubuhi.

Chama cha Makucha kilipotawala, Fisi alikula, akala, akala. Nyati wa Chama cha Kwato akapiga kelele: "Ubadhirifu! Tupeni sisi, tutabana matumizi!" Wakapewa. Nyati naye akala, akala, akala, na sasa Fisi ndiye anayepiga kelele: "Ubadhirifu!" Hebu niambieni, mtu afanyeje?

Mama Pelele akachungulia ghalani. Kwaru, kwaru! Magunia matano tu, na mvua bado. Akaenda kwa Nyati hivyohivyo, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Mtama unakwisha."

"Marahaba. Ndiyo maana tumeunda Kamati ya Kubana Mtama. Inakaa kila siku."

"Na inakula?"

"Kamati isiyokula itafikirije, mama?"

Pelele akameza hasira. "Basi mbona hamjazindua Wiki ya Kubana Mtama? Ng'ambo ya milima, wakuu wote mwende. Posho ya safari debe moja kwa siku, mlipwe mkirudi."

Masikio ya Nyati yakasimama. "Kila siku?"

"Kila siku, baba."

Fisi akaingiza kichwa mlangoni. "Na upinzani tunakwenda! Nani atawasimamia hawa?"

"Na ufunguo wa ghala?" akauliza Nyati.

"Niachieni mimi. Tumbo lenyewe hili, dogo."

Puu! Puu! Puu! Wakaondoka. Hotuba, wakaongeza siku. Ngoma, wakaongeza siku. Azimio, wakaongeza siku. Huku nyuma Pelele akawaita kina mama, mtama ukagawanywa pishi kwa pishi, nyumba kwa nyumba, ghala likafagiliwa, fya, fya, fya!

Wakarudi. Nyati: "Posho!" Fisi: "Posho!" Mara ya kwanza vyama viwili kukubaliana. Mlango ukafunguliwa. Vumbi.

"Mtama uko wapi?"

"Tumebana, waheshimiwa. Hakuna tena cha kutapanya."

Nyati akamkimbiza mpaka pangoni kwake. Pelele, chwi! akaingia. Pembe, ka! zikakwama mlangoni. Ndani, watoto wanne wanakunywa uji, wanamtazama pua.

Ngano yangu imefika kikomo: ikiwa tamu, gawaneni, ikiwa chungu, ipelekeeni kamati. Na funzo lake ni hili: wakubwa wakisema watabana matumizi, waaminini, jamani. Wakitaka kusafiri, wabebeeni na mizigo.