Korongo na Uji wa Kila Asubuhi

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu waliokwisha kula. Haya, itikeni kama wenye njaa. Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nchi kavu, pakawa na gunia lililojaa, pakawa na kibaba kilichoshikwa na mkono usioshiba. Nyie wa nyuma sogeeni. Ngano hii ni ya watu wa nyuma.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na ndege wakiwajibu, ukame uliingia katika nchi ya Majabali. Mvua ilikataa. Mtama ulikauka ungali mchanga. Wanyama wakala majani, majani yakaisha. Wakala mizizi, mizizi ikaisha. Wakabaki kutazamana, na mnajua wenye njaa wakitazamana sana si dalili njema.

Habari zikavuka mlima mpaka nchi ya ndege. Kule ulezi ulikuwa umejaa maghalani. Ndege wakakaa barazani, wakasema, "Wenzetu wanakufa. Tuwapelekee ulezi." Apeleke nani? Wote wakamtazama Korongo.

Korongo alikuwa mpole na mwaminifu, na alikuwa na tabia moja, kuuliza. Akiona shimo, atauliza limechimbwa na nani. Akiona moshi, atauliza kunapikwa nini. Mama yake alizoea kumwambia, "Mwanangu, shingo yako imerefuka kwa kuchungulia."

Basi Korongo akashika njia, na nyuma yake msafara wa punda waliobeba magunia ya ulezi. Alipokaribia Majabali, akamkuta Nguchiro amesimama njiani anamngoja. Alijuaje kwamba mgeni anakuja? Mimi sijui. Wenye pua za namna ile hujua.

"Karibu, Bwana Korongo," akasema Nguchiro. "Pole na safari. Una mwenyeji huku?"

"Sina."

"Sasa unaye."

Korongo akafurahi. Magunia yakaingizwa ghalani, punda wakarudi kwao. Korongo akasema, "Nahitaji mtu wa kulinda ghala hili."

"Yupo mjomba wangu," akasema Nguchiro.

"Anajua kulinda?"

"Ni mtu wangu."

Korongo akaona ajabu kidogo. Ameuliza hiki, amejibiwa kile. Lakini alikuwa mgeni, akaona huenda ndivyo wanavyojibu watu wa huku. Akasema, "Nahitaji pia mtu wa kushika kibaba, awapimie watu ulezi."

"Yupo shemeji yangu."

"Anajua kupima?"

"Ni mtu wangu."

"Na mtu wa kupanga foleni, asimpendelee yeyote?"

"Yupo mpwa wangu."

"Hapendelei?"

"Ni mtu wangu."

Wakati huo Nungunungu akafika, anatoka jasho. Yeye ndiye aliyekuwa akilinda maghala ya Majabali tangu enzi za wazee, na hakuna aliyewahi kuyagusa, kwa maana nani atataka kuchomwa miiba? Nguchiro akamkimbilia kabla hajafungua kinywa, akamnong'oneza, "Nafasi zimejaa." Nungunungu akarudi alikotoka.

"Yule alitaka nini?" akauliza Korongo.

"Alikuja kukusalimu tu," akasema Nguchiro.

Kesho yake asubuhi Nguchiro akamwalika Korongo nyumbani kwake, kwenye kichuguu kikubwa. "Kwetu mgeni halali njaa wala haamki na njaa," akasema. "Kila asubuhi utakunywa uji kwangu. Ukikataa, mke wangu atanuna." Uji ukaletwa kwenye bakuli. Korongo akanywa, akafumba macho. Ulikuwa uji mzito, mtamu, unaonukia kama jikoni kwa mama yake. Akakomba bakuli. Moyoni akasema, kweli nimepata ndugu ugenini.

Kwa nini hakuuliza uji ule umetoka wapi? Ulizeni, maana mimi nami huwa najiuliza. Lakini ukipewa kitu kitamu, na aliyekupa anakuchekea, maswali hukwama kooni.

Jua likipanda, wanyama walikuwa wanakuja kupanga foleni. Nguchiro akamkalisha Korongo kivulini. "Mtu mwenye heshima zake hasimami juani," akamwambia. "Kazi tuachie sisi wadogo." Korongo akakaa kivulini, akawa anaisikia sauti ya yule mpwa ikiimba kule mbele:

Songa mbele, songa,
kibaba kinakuja.
Wa mbele, shibeni,
wa nyuma, ngojeni.

Siku zikapita. Korongo akaenda kuchungulia ghalani, akashangaa. "Nguchiro, mbona gunia zima limekwisha na foleni haijafika hata katikati?"

"Panya, Bwana Korongo. Huku kuna panya hao, usiombe."

Siku zikapita tena. "Nguchiro, mbona magunia yamepungua tena?"

"Mchwa, Bwana Korongo."

Siku zikapita tena. "Nguchiro, na haya je?"

"Upepo, Bwana Korongo."

Korongo akarudi kukaa kivulini, lakini hakukalika. Panya, sawa. Mchwa, sawa. Lakini upepo gani huo unaobeba gunia, halafu unaliacha jani likining'inia mtini? Shingo ikamwasha. Akainuka, akaanza kutembea pembeni mwa foleni kwenda nyuma, nyuma zaidi, mpaka akafika mkiani. Huko akamkuta Mama Pimbi, mjane wa majabalini, amekaa chini na mtoto wake mgongoni.

"Hujambo, mama."

"Sijambo, mgeni wetu."

"Ulezi wa jana uliwatosha?"

Mama Pimbi akamtazama. "Nataka kukuuliza kitu, lakini usinicheke."

"Uliza, mama."

"Huo ulezi ni kitu gani? Kwetu huku haulimwi. Nausikia ukitajwa tu."

Korongo akachutama. "Hujapata hata kibaba kimoja?"

"Napanga foleni tangu punda wako walipofika. Wanaanza ukoo wa Nguchiro, nao ni wengi, tena wakishachukua wanazunguka wanarudi. Wakimaliza, wanakuja waliotoa kitu kidogo. Ngiri alitoa mizizi yake ya akiba. Nyani alitoa asali. Mimi nimekuja na mtoto tu. Naambiwa, rudi kesho."

Mtoto alikuwa ameegemeza kichwa mgongoni kwa mama yake, kimya. "Amelala?" akauliza Korongo.

"Hajalala. Juzi alikuwa bado analia njaa. Jana akaacha kulia."

Mama Pimbi akaendelea. "Basi nisimulie ulivyo, nami nimsimulie mwanangu, ajue tunangoja nini."

Korongo akaanza kumsimulia. "Ni punje ndogo, ndogo kuliko za mtama. Nyekundu, kama udongo wa hapa kwenu. Unausaga. Ukipika uji wake, unakuwa mzito, mtamu, na harufu yake..."

"Harufu yake ikoje?" akauliza Mama Pimbi.

Harufu yake ilikuwa bado mdomoni mwa Korongo tangu asubuhi.

"Mama," akasema polepole, "kweli kabisa huku hamlimi ulezi?"

"Hutaona hata shina moja."

Korongo akasimama. Alikasirika, kisha hasira ikageuka woga. Uji ule alikuwa ameunywa yeye. Akinyamaza, nani atajua? Akisema, nani atamwamini tena? Akamtazama yule mtoto asiyelia. Akaenda mbele.

Alipofika, akasimama juani katikati ya wanyama wote. "Nguchiro," akasema, "uji ninaokunywa kwako unapikwa kwa nafaka gani?"

Nguchiro akacheka. "Bwana Korongo, mambo ya jikoni tuyamalize jikoni."

"Tuyamalize hapa."

Kicheko kikafutika usoni mwa Nguchiro. "Haya, na iwe hapa. Ni ulezi wa ghalani. Lakini jamani, mwulizeni mgeni wenu, aliyeunywa ni nani? Kila asubuhi yuko kwangu, anakomba bakuli. Kama mimi ni mwizi, wezi tuko wawili."

Foleni nzima ikageuka kumtazama Korongo. Angeweza kusema hakujua, na kweli hakujua.

"Ni kweli, nimeunywa," akasema. "Niliuliza habari za panya, nikauliza habari za mchwa, nikauliza habari za upepo. Bakuli lililokuwa mbele yangu sikuuliza limejazwa na nini, kwa sababu lilikuwa tamu. Mnisamehe. Sasa twendeni tukachimbe kichuguu cha Nguchiro."

Nguchiro alikuwa amelificha neno lile la uji kama fimbo ya kumpigia Korongo siku wakikosana. Korongo alipolichukua mwenyewe, Nguchiro akabaki mikono mitupu.

Wakaenda, wakachimba. Wakayakuta magunia yamepangwa chini ya kichuguu, na yule mjomba mlinzi amelala juu yake anakoroma. Wakamwamsha. "Nani aliyekuambia uyaweke huku? Si Nguchiro?"

Mjomba akamtazama Nguchiro. "Huyu? Si mtu wangu."

Wakamwuliza shemeji. "Huyu si mtu wangu."

Wakamwuliza mpwa, na mpwa alikuwa amekwisha kuanza kukimbia. "Si mtu wangu," akasema huku anakimbia.

Ulezi ukarudishwa ghalani, Nungunungu akaitwa kulinda. Foleni ikageuzwa, mkia ukawa kichwa. Ikakatwa shauri kwamba anayeshika kibaba atachukua chake mwisho kabisa, mbele ya macho ya wote. Wapo waliotaka Nguchiro afukuzwe nchini. Mama Pimbi akasema, "Ana watoto. Naye apewe. Ila apange foleni, na asimame pale nilipokuwa nimekaa mimi." Nguchiro akasimama mkiani, na safari hiyo hakuwa na wa kumsongeza mbele.

Mama Pimbi akapika uji wake wa kwanza wa ulezi. Akachovya kidole, akamlambisha mtoto. Mtoto akalamba. Akalamba tena. Mama alipoondoa kidole ili aupoze uji, mtoto akafungua kinywa akalia, akalia sana, analilia uji.

Korongo alikuwa amesimama nje. Alipoisikia sauti ile, machozi yakamtoka. Mama Pimbi akamletea bakuli. "Kunywa na wewe, umechoka." Korongo akatikisa kichwa, akaenda kutafuta panzi mashambani.

Ndiyo maana hata leo mtamwona Korongo anakula amesimama shambani, mahali peupe, kila mtu anamwona. Mkaribisheni ndani, haingii. Na Nguchiro hata leo anafukua kila kichuguu anachokutana nacho, huku ndugu zake wamemzunguka, eti huenda pamebaki kitu.

Basi, wanangu, mafunzo ni haya. Kazi ya wote usimpe mtu kwa kuwa ni ndugu yako, mpe anayeiweza. Chakula cha wenye njaa hakina shemeji wala mjomba. Na wewe uliyetumwa kugawa, kabla hujauliza habari za mabakuli ya wenzako, uliza kwanza lako limejazwa na nani.

Ngano nimeitua hapa, mzigo umenilemea. Mwenye mgongo aibebe aende nayo kwao, na akifika aanze kuwagawia waliokaa nyuma.