Daftari la Mwisho la Fundi Ngazi

Sogeeni, na mwenye simu aiweke mfukoni. Kisa hiki hakina jini wala mfalme. Kina watu watatu wenye vipaji, mzee mmoja waliyemmaliza, na daftari moja ambalo lazima apewe mtu mmoja. Nimelilalia wiki mbili chini ya mto na jibu sijapata. Nawaletea nyinyi, maana kila siku mnajifanya mna akili kuliko mimi.

Mimi ndiye mwenye lile banda la video la Makambako, karibu na gulio. Hao watatu ni wateja wangu wa miaka yote.

Wa kwanza ni Onesmo, fundi saa. Kipaji chake ni macho. Ukishonea kifungo uzi wa rangi nyingine, Onesmo atakiona akiwa ng'ambo ya barabara, na hatanyamaza mpaka na wewe ukione.

Wa pili ni Lupyana. Kipaji chake ni sauti. Muvi ikiwa ya Kichina au ya Kihindi, namkalisha mbele na kipaza sauti, anawasemea wote kwa Kiswahili, jambazi, polisi, bibi harusi, hata mbwa. Nimeona wanaume wazima wakimlilia bibi harusi huku wanamwona Lupyana na ndevu zake.

Wa tatu ni Tusekile, mfuma sweta. Kipaji chake ni kicheko. Kinaanza polepole kama maji ya birika, kisha kinafurika, na ukiwa karibu huwezi kujizuia. Siku moja mchungaji alishindwa kufungisha ndoa kwa sababu yake, na ndugu wa bwana harusi hawajamsamehe mpaka leo.

Sasa huyo mzee. Mzee Mgaya alikuwa mchora mabango. Kila kinyozi, kila bucha, kila duka la dawa hapa mjini, kichwa kilichochorwa ukutani ni cha mkono wake. Akitoka kazini alichora hadithi kwenye madaftari ya shule, picha na maneno, kuhusu mwezeka paa aliyepigwa na radi akiwa juu ya nyumba ya watu. Tangu siku hiyo, mvua ikinyesha, fundi huyo anasikia kilio cha kila mtu aliye hatarini, popote alipo. Anabeba ngazi yake na kwenda. Bila mvua hana nguvu yoyote, ni fundi tu kama mafundi wengine, tena mvivu. Ndiyo maana mji mzima ulimpenda Fundi Ngazi.

Daftari la kwanza lilipita mikononi mwetu miaka mingi mpaka likachanika. Watu wa mjini Dar wakalisikia, wakaja wakatengeneza muvi, mwezi wa pili, katika mvua ya kweli. Kwangu watu walikaa mpaka sakafuni. Walilia, nami nililia.

Ya pili tuliingoja miaka minne. Ilipigwa picha mwezi wa saba, katikati ya kiangazi, kwa kuwa ndipo wakubwa wa Dar walipopata nafasi. Mzee Mgaya aliwaambia, "Hadithi hii ni ya mvua. Subirini mvua." Wakamjibu kwamba siku hizi mvua inatengenezwa. Akanyamaza. Alikuwa mtu wa kunyamaza mapema mno, na hilo ni kosa lake.

Ikaletwa kwangu Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja, saa tisa alasiri. Mzee Mgaya alikuja amevaa koti la harusi yake. Yeye mwenyewe alikuwa hajaiona. Nikamkalisha pembeni yangu, karibu na mashine, nikamletea chai.

Robo saa ya kwanza watu walivumilia. Kisha Fundi Ngazi akasimama uwanjani, mvua ikaanza, na hapo Onesmo akasimama pia.

"Jamani, tazameni nyuma yake! Mahindi!"

Tukatazama. Kweli bwana. Mvua ilikuwa inamnyeshea Fundi peke yake, maji ya mpira, upana wa mlango. Hatua kumi nyuma yake jua lilikuwa kali, na mahindi yameanikwa yamekauka kabisa.

"Na ule mkeka ni wa mama yangu!" Onesmo akapiga kelele. Baada ya hapo hatukuona kitu kingine. Hata yule fundi shujaa aliponyanyua uso kwa uchungu, macho yetu yalikuwa kwenye mahindi.

Lupyana siku hiyo hakuwa na kazi, muvi ilikuwa ya Kiswahili. Lakini alikaa mahali pake pa kawaida, na kipaza sauti kilikuwa mahali pake pa kawaida, na mimi sikukizima. Fundi Ngazi akasema kwenye kioo, "Nasikia kilio." Lupyana akadaka papo hapo, kwa sauti ileile ya Fundi, huwezi kutofautisha, "Nasikia kilio... ni Mama Onesmo, anauliza kama aanue mahindi!"

Tusekile aliziba mdomo kwa sweta alilokuwa anafuma. Nilimwona. Alijitahidi, mabega yakamtetemeka, machozi yakamtoka, kisha akashindwa. Kicheko kikapita benchi la kwanza, la pili, kikafika mlangoni, na waliokuwa nje ambao hawakuona chochote nao wakacheka. Watu mia mbili walikuwa wameshika mbavu.

Mwisho wa muvi binti yake Fundi anatumbukia kisimani. Baba anateremsha ngazi, ngazi inavunjika, kioo kinakuwa cheusi. Pale palikuwa pa kulia. Badala yake Lupyana akatoa sauti ya mtoto wa kike, "Baba, usisahau mpira wa maji, huku chini pakavu!" Tusekile akaanguka kwenye benchi. Mtu akarusha gunzi, likampiga Fundi puani kabla kioo hakijawa cheusi.

Mzee Mgaya akaniambia taratibu, "Hapo ndipo nililia wakati nachora."

Nikamwambia, "Pole, mzee." Kisha nikageuza uso ukutani ili asione nacheka.

Kesho yake watu walirudi. Hawakuja kutazama muvi, walikuja kumsikia Lupyana akiiharibu, Onesmo akionyesha makosa mapya kwa fimbo, na Tusekile nilimwekea kiti katikati ya banda ili kicheko chake kifike kote. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Sijawahi kujaza banda namna ile.

Alhamisi Mzee Mgaya alikuwa juu ya ngazi yake, anachora bango la saluni. Mtu akatokea na ndoo ya maji ya sabuni, akamwagia mzee mgongoni pamoja na bango lake. "Fundi, mvua hiyo! Unasikia kilio cha nani?" Rangi ikateremka ukutani. Mtaa mzima ukacheka. Mzee akashuka hatua kwa hatua, akaomba kitambaa ajifute macho, na hakuna aliyempa. Akaenda zake akiiacha ngazi palepale.

Jumamosi mchana akaja bandani kwangu, akaagiza waitwe wale watatu. Wakaja.

"Shikamoo, mzee," wakamwamkia, kwa adabu kama watoto wa shule.

"Marahaba. Dar wamenipigia simu. Ya tatu haitatengenezwa, wamesikia mlivyoipokea ya pili. Lakini mimi nilishaichora." Akatoa daftari lenye jalada la bluu. "Binti yuko kisimani. Humu ndimo inamojulikana kama anatoka."

Nikaona shingo tatu zikirefuka. Na msishangae. Onesmo alijifunza kusoma kwa daftari la kwanza. Sauti ya kwanza ambayo Lupyana aliiga maishani ni ya Fundi Ngazi, utotoni, daftari hilo likisomwa kwa sauti. Na mama yake Tusekile, alipokuwa mgonjwa kitandani, alikuwa akimsomea binti yake hadithi hiyohiyo mpaka siku alipofariki. Walimpenda Fundi kuliko mtu yeyote katika mji huu.

"Nitampa mmoja," Mzee Mgaya akasema. "Simtafuti anayempenda Fundi Ngazi, maana wote mtasema mnampenda. Nampa yule aliyemuua. Atasoma peke yake, kisha atalichoma, na hatamwambia mtu. Haya, kila mmoja aseme alichofanya."

Nilidhani wataona haya. Wapi!

"Ni mimi, mzee," Onesmo akawahi. "Kabla sijasema, watu walikuwa wanaitazama vizuri tu. Wasingeyaona yale mahindi hata mara kumi. Mimi ndiye niliyewaonyesha, na ukishaona huwezi kuacha kuona."

"Mahindi gani?" Lupyana akamkata. "Yangesahaulika dakika mbili. Mzee, mimi nilimnyang'anya Fundi sauti yake. Leo watoto wakimwigiza Fundi Ngazi, wananiigiza mimi. Yule wako hayupo tena."

Tusekile akasubiri wamalize. "Maneno yao yangeishia benchi moja," akasema. "Mimi sikusema hata neno. Nilicheka, mji ukacheka. Hata Alhamisi pale saluni, maji yalipomwagika watu walikuwa wamenyamaza kwanza, wanajiuliza. Nilikuwa napita. Waliponisikia mimi ndipo wakacheka."

"Nilikusikia, mwanangu," akasema Mzee Mgaya.

Hakuna hata mmoja aliyesema samahani. Nilisubiri. Nafasi ilikuwepo, mzee aliwaangalia makusudi mmoja mmoja. Wao walikuwa wanaliangalia daftari.

Waliokuwa mlangoni wakaanza kubishana. Mmoja akasema bila macho sauti ingekuwa na nini cha kusema? Mwingine akasema macho bila sauti ni mtu mmoja anaona peke yake, basi. Wa tatu akasema vyote viwili bila kicheko ni uhuni wa vijana wawili, wangeambiwa nyamazeni nao wangenyamaza. Kila mmoja alikuwa na haki, na hilo ndilo linalonikera mpaka sasa.

Mzee Mgaya akaniwekea daftari mapajani. "Wewe mwenye banda utaamua," akasema. Kisha akainama, akanisemesha sikioni. "Swichi ya mashine ilikuwa karibu na goti lako. Ya kipaza sauti pia. Siku ya kwanza na siku zote nyingine. Kwa hiyo ukipima ukaona anayestahili ni wewe, jipe."

Akatoka, akaenda stesheni, akapanda treni kwenda kwa dada yake Mlimba. Bango la saluni limebaki na nusu ya kichwa cha mwanamke.

Sijalifungua daftari. Nimelipima kwa kidole tu, kurasa za mwisho ni nzito kwa rangi. Onesmo anapita kila asubuhi kunisalimia, mtu ambaye hajawahi kunisalimia. Lupyana amejitolea kufanya kazi mwezi mzima bila kulipwa. Tusekile ameniletea sweta, nami nimelivaa, kama mnavyoniona. Jana mvua ya kwanza ilinyesha, wote watatu walikuja barazani kwangu wakakaa wanasikiliza bati, na hakuna aliyetoa utani wowote. Nami pia nataka kujua kama yule binti anatoka kisimani. Nataka sana kuliko ninavyoweza kuwaambia.

Basi nipeni hukumu. Daftari ni la aliyeona, au aliyesema, au aliyecheka, au aliyekaa na swichi gotini akageuza uso ukutani? Msijibu wote kwa pamoja. Nataka nianze na wewe uliyekaa pale nyuma, wewe uliyecheka nilipofika kwenye mahindi, ukacheka tena kwenye ndoo. Nilikusikia. Je, wewe ungempa nani?